Nimevuta Biri Moja na Mama Mkwe

Jumamosi jioni, mwezi wa pili, 1958. Jua limewaka mchana kutwa, vumbi la Gikomba limeniingia mpaka masikioni, na nina hasira ambayo sijui nimmwagie nani.

Nilitaka kitu kimoja tu leo. Kimoja! Nitoke kazini saa sita, niendeshe baiskeli mpaka Ruiru na kurudi, kisha nikae kivulini na chupa mbili za bia na ile biri, pasiwe na mtu wa kunisemesha. Sikuomba ufalme.

Biri yenyewe nilipewa na Mgoa tunayekaa naye ofisi moja. Mkewe alijifungua mtoto wa kiume kabla ya Krismasi, naye akapita meza hadi meza akigawa biri nene za kahawia, akicheka mpaka jino la mwisho. Nikapokea, nikasema hongera, nikaenda chooni nikakaa huko mpaka nilipoweza kutoka. Tangu siku hiyo ilikuwa kwenye droo ya ofisini. Nyumbani haikuweza kuingia. Finesi, mke wangu, angeuliza imetoka wapi, nami ningelazimika kumjibu.

Wetu alizaliwa Septemba, mwezi mmoja kabla ya wakati wake. Hakulia.

Basi. Ruiru nilifika salama. Kurudi ndiko kulikonitoa roho: upepo usoni njia nzima, mnyororo ukachomoka mara mbili, na mara ya pili nikaurudisha huku lori likinimwagia kokoto. Nilipofika Gikomba magoti yalikuwa hayanisikii tena. Lakini nilikuwa na furaha, kwa sababu nilijua bia zangu ziko wapi. Asubuhi nilikuwa nimezifunga kwenye gunia bichi na kuzifukia chini ya takataka za mbao nyuma ya kibanda cha seremala mmoja ninayemfahamu. Jumamosi hufunga mapema.

Mtu atauliza, mbona asinywee kwake? Kwake wapi? Leo Bi Mwanaisha, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa na hitma ya marehemu mumewe. Ua tunaotumia pamoja ulikuwa umetandikwa majamvi, wazee wamekaa na misahafu, na Finesi mwenyewe yuko kwenye sufuria za pilau tangu alfajiri. Mimi ni Mkristo, lakini sijakosa adabu kiasi cha kupita katikati ya watu wanaosoma na chupa zinagongana mfukoni.

Nikafukua gunia. Nikageuka. Kwenye gogo langu, kwenye kivuli changu, amekaa mama mmoja wa makamo na kikapu chake.

Lo! Nilitaka kulia.

Nikamsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa lugha ya kwetu. Hapo ningefanya nini? Mtu wa kwenu, umemkuta ugenini, utamfukuza? Nikampa mkono, tukashikana vizuri kabisa, akaniuliza habari za mvua kana kwamba mimi ndiye ninayeileta. Akasema ameshuka kwenye treni asubuhi, na aliyempokea anamaliza kuuza ndizi zake ndipo ampeleke anakokwenda. Amemfuata mtoto wake, anaumwa moyo. Sikuuliza mtoto gani. Kwetu mgeni hahojiwi kabla hajanywa kitu, na mimi kwa adabu zangu nikafungua chupa ya kwanza nikammiminia kwenye kifuniko cha chupa yangu ya chai. Akainywa kwa mkupuo mmoja, akanirudishia kifuniko, akakitazama. Nikamjazia tena. Nusu ya bia yangu ikaenda hivyo.

Nikawasha biri. Nilivuta mara tatu. Mara tatu tu, nazihesabu mpaka sasa. Harufu ilipomfikia, yule mama akafumba macho, akasema tumbaku ya namna hiyo hajainusa tangu azaliwe, akanyoosha mkono. Nikampa. Akaigeuza, akauingiza upande wa moto ndani ya kinywa, kama wanavyovuta mama zetu, akafunga midomo, na moshi ukawa unatoka puani taratibu. Biri ya Mgoa! Nikasubiri anirudishie. Wapi.

“Mwanamume mwenye kitu kizito namna hii amepata jambo,” akasema alipoitoa ili ateme mate. “Umepata nini, baba?”

Nikamwambia kuna mtu amepata mtoto. Akaniuliza kama ni mimi. Nikasema si mimi.

Halafu sijui nini kilinipata. Labda ni uchovu, labda ni ile lugha ya nyumbani. Nilimweleza mwanamke nisiyemjua mambo ambayo sijamwambia mtu. Kwamba mke wangu alikuwa hajiwezi kitandani hospitalini, wauguzi wakanikabidhi mtoto amefungwa kitambaa, na tukaenda kumzika mimi na mfanyakazi mmoja wa makaburini, watu wawili tu. Kwamba mke wangu alipopata nafuu aliniuliza mtoto amelazwa wapi, nami nikamdanganya. Nilisema watu wa hospitali walimchukua wao wenyewe, sijui walikompeleka. Nilidhani asipojua mahali hatakuwa na pa kwenda kulia, na asipolia atapona. Hiyo ndiyo akili yangu, ya mtu aliyesoma mpaka darasa la nane. Tangu hapo haniambii neno ila chumvi imekwisha, mafuta ya taa yamekwisha. Na mimi kila Jumamosi napanda baiskeli kwa sababu siwezi kukaa katika kile chumba tukitazamana. Nikasema siku moja atarudi kwao, sitamlaumu, lakini mimi pale ndani sitaweza kuishi.

Yule mama hakunipoza. Alivuta biri, akasema, “Umefanya ujinga mkubwa.” Basi, hilo tu.

Mtu mwenye akili angekuwa ameshatambua zamani. Mimi nilikuwa nafungua chupa ya pili.

Ndipo akatokea Selina, muuza ndizi, ambaye kwao na kwao Finesi wanachota maji kisima kimoja. Akatukuta bega kwa bega juu ya gogo. Akapiga makofi. “Haya mambo! Nimekwenda kuuza ndizi, kurudi nakuta mtu na mkwewe wananywa pamoja!”

Ewe Mungu wangu.

Niandike hapa, nisije nikajidanganya baadaye. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, hashikwi mkono, huli mbele yake wala hamlali chini ya paa moja. Ukimwona njiani unaingia shambani. Huyu wangu nimekutana naye mara mbili maishani, na mara zote mbili nilikuwa nimeinamia viatu vyangu. Naye alikuwa amejifunika nguo mpaka kwenye paji. Tumeheshimiana mpaka hatujuani! Adabu zenyewe ndizo zilizotuweka kwenye gogo moja, na biri moja ikitoka kinywa hiki ikiingia kile.

Niliruka nikageukia ukuta wa kibanda. Nikasikia naye ameruka, amejifunika kichwa, anakohoa, maana moto ulikuwa bado mdomoni. Selina alicheka mpaka akakaa chini kwenye takataka za mbao. Ningempiga, ila ningelazimika kugeuka.

Wao wakapita njia ya sokoni, mimi nikasukuma baiskeli kwa nyuma, mwendo mrefu, nikitukana kila jiwe. Kilichoniuma si aibu peke yake. Nilikuwa nimekumbuka neno lake. Amemfuata mtoto wake. Finesi alimwandikia mama yake barua aje amchukue, na mimi nalala naye kitanda kimoja sina habari.

Nyumbani hitma ilikuwa imekwisha. Mama mkwe amewekwa kwa Bi Mwanaisha, kwa kuwa kwangu haingii. Bi Mwanaisha alinisogelea na sahani ya pilau, akanusa, akasema, “Mwanangu, leo kaa mbali kidogo,” bila hasira. Nikakaa mlangoni pangu kama mshitakiwa. Nilisikia sauti ya mama na ya Finesi ukutani, chini chini, kwa muda mrefu. Kulia nako nilikusikia. Nilijua anamweleza. Kila nililolisema pale kwenye gogo lilikuwa linapita kwenye ule ukuta, nami sina la kufanya.

Mwisho akaja Selina na ujumbe, kwa sababu mkwe hasemi na mkwe, hasa baada ya leo. Amekaza uso kama karani wa mahakama. Mama anasema tumevunja mwiko mkubwa, yeye na mimi, na dawa yake ni kondoo, achinjwe kwake, tusafishwe wote wawili. Nikasema sawa. Mama anasema kondoo huyo analetwa na mume na mke pamoja, wametoka nyumba moja, wamefika siku moja. Mwanamke aliyetangulia kurudi kwao hawezi kuleta kondoo. Kwa hiyo Jumatatu yeye mama anapanda treni peke yake, Finesi anabaki, na mimi niombe likizo mwezi wa nne.

Selina alipokuwa anaondoka akasema, kwa kweli na biri ameisifu sana.

Jimama hili! Limekuja na shauri lake, likaninywea bia, likanimalizia biri, likanitukana mjinga, na sasa nimeambiwa nishukuru. Na nashukuru. Lakini najua kondoo anaweza kumzuia Finesi asiondoke, hawezi kumfanya anitazame.

Finesi ameingia sasa hivi, jua linazama. Nimejifanya naandika. Amekaa kitandani, macho mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba akaniuliza jambo lisilo la chumvi. Ameuliza ni upande gani wa makaburi.

Nimeweka kalamu nikamwambia. Nikamwambia na samahani, imetoka vibaya, kama mtu aliyepaliwa. Nimesema kesho asubuhi nitampeleka, kanisa litatungoja. Nikaongeza ni mbali, na makaburi ya watoto ni mengi, hayana majina, angepotea.

Amesema hawezi kupotea. Kila Jumamosi nikishaondoka na baiskeli, naye huondoka kwa miguu. Huenda kule akamtafuta, safu kwa safu, akisimama kila kaburi dogo na kusikiliza moyo wake. Safu tatu za kwanza ameshazimaliza.

Mimi nilimlaza kwenye ya tano.