Kalamu Ilikwenda Mara Mbili

Busia, upande wa Uganda
Jumapili, 14 Septemba

Dada yangu mpendwa Jovia,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto, na kwamba ile homa ya Sandra imekwisha kabisa. Sisi huku Mungu anatutunza. Mvua zimeanza, mihogo ya shamba la Lumino imesimama vizuri, nami bado niko Malaba nikipitisha karatasi za malori. Mama hajambo. Tena hajambo sana, na ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, yako maneno ambayo kwa simu ningeyakatiza katikati na kusingizia mtandao. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia.

Unakumbuka alivyokuwa mwaka ule presha ya macho ilipomla jicho la kulia na kumwachia la kushoto mwanga tu, kama wa mlango uliorudishwa. Mtu aliyepiga chapa miaka ishirini na minane katika ofisi za forodha, akawa anakaa kwenye mkeka akingoja kupelekwa uani. Aliyemwinua ni Mwalimu Edimu wa Tororo, ambaye mwenyewe haoni tangu utoto. Alikuja na programu ya kusoma skrini, akaiweka kwenye ile kompyuta kuukuu uliyotuachia, kompyuta ikaanza kusema. Mama hakuhitaji kufundishwa vitufe, vidole vyake vilikuwa havijasahau hata kimoja. Baada ya miezi miwili alipata kazi. Kuna watu wa ng'ambo wanaokusanya sauti za wazee wakisimulia kwa Lusamia, wakatafuta mtu wa kusikiliza na kuandika neno kwa neno. Nani angemshinda Mama? Anasikia hadi mzee akimeza mate.

Tatizo likawa malipo. Wale watu hulipa kwa sarafu za mtandaoni, na ili uzipokee lazima uwe na pochi, yaani programu inayotunza funguo zako kwenye kompyuta yako mwenyewe. Mimi nilimwambia aachane na mambo hayo, ni ya matapeli. Alinijibu kwamba matapeli wapo hata kwenye soko la dagaa wa mukene, na bado tunakula mukene.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tatu tulikaa wote wawili mbele ya mashine. Nilijiona mimi ndiye macho yake. Nikatafuta tovuti, nikapata ya kwanza iliyojitokeza, nikamwambia ndiyo hii. Akasema ngoja. Akaiamuru sauti imsomee anwani herufi moja moja, akatikisa kichwa: palikuwa na herufi moja ya ziada katikati. Tovuti ilikuwa ya wezi, nembo na rangi sawasawa na ya kweli. Mimi mwenye macho mawili niliitazama na sikuona kitu.

Alipopata ile ya kweli, hakukubali kuifungua programu hivi hivi. Mwalimu Edimu alimweleza kwamba wenye programu hutangaza mstari wa herufi na tarakimu sitini na nne, nawe ukishapakua unaulinganisha na wa faili lako. Ikitofautiana herufi moja tu, futa. Mama akazisikiliza zote sitini na nne, mara mbili, akihesabu kwa vidole. Alipofika arobaini na kitu umeme ukakatika. Uliporudi hakusema tuendelee tulipoachia. Alianza upya tangu ya kwanza. Nilikuwa na njaa, dada, nilimkasirikia, lakini moyoni nilisema, huyu mwanamke forodha walimpoteza kweli.

Kisha programu ikatoa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Hayo ndiyo ufunguo wenyewe. Kompyuta ikiungua, ukiwa na maneno hayo kwa mpangilio wake unazirudisha sarafu zako kwenye mashine yoyote duniani, na mwingine yeyote akiyapata, zinakuwa zake. Mama aliweka kipokea sauti kwenye sikio moja, akawa anasikia neno, ananinong'oneza, naliandika kwenye daftari lake. Tulipomaliza akaniambia nimsomee, akanisahihisha neno la saba. Juma lililofuata malipo ya kwanza yakaingia. Alinipigia Malaba kuniambia tu kwamba sauti imemsomea salio lake, na kwamba hizo ni za jicho la kushoto. Daktari alishamwambia akifanyiwa upasuaji kabla mwaka haujaisha, huo mwanga uliobaki unaweza kuokolewa.

Hadi hapo, dada, nimekuandikia kama mtoto mwema. Sasa nikwambie lililonikosesha usingizi.

Siku ile nilikuwa na karatasi nyingine gotini, moja ya fomu zangu za kazini. Kila neno alilonitajia Mama niliandika kwenye daftari, kisha nikaliandika tena kwenye fomu ile. Nilijiambia ni kwa usalama, daftari likipotea je? Nikaikunja na kuiweka kwenye pochi yangu ya mfukoni. Sikumwambia.

Mwezi wa saba Okiror, tunayefanya naye kazi, alikuja na habari za shehena ya vitunguu, faida ya siku nne. Ilibidi niweke fungu langu na sikuwa nalo. Dada, niliifungua ile karatasi. Nilipanga kuzirudisha sarafu zake kabla Mama hajajua. Kila anayeiba kwa mamaye nadhani hupanga hivyo. Nikaweka pochi ile kwenye simu yangu, nikaandika yale maneno kumi na mawili, nikasubiri. Ikafunguka. Salio likasoma sufuri.

Nilijua wezi wamepita, na nilijua wamepitia kwangu, kwa ile karatasi niliyozunguka nayo miezi minne. Jicho la Mama nimelitoa mimi. Nilikaa siku mbili nikishindwa kumeza hata chai, kisha nikapanda boda hadi nyumbani. Nilimkuta anafanya kazi, mzee mmoja anasimulia harusi masikioni mwake. Nikamwambia, "Mama, sarafu zako zimeibwa. Hakuna kitu."

Akavua vipokea sauti taratibu, akaviweka mezani. Hakugeuka.

"Umejuaje, Allan?"

Nilipiga magoti palepale sakafuni, nikamweleza yote, fomu, vitunguu, Okiror, sikuficha hata moja. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Siku ile nilikutajia maneno kumi na mawili. Kalamu yako ilikwenda mara mbili kwa kila neno. Mwanangu, mimi nimepoteza macho tu."

Alikuwa ameshazihamisha tangu juma lile lile malipo yalipoingia. Peke yake. Alitengeneza pochi ya pili, hakumwita hata Mwalimu Edimu. Alituma humo kiasi kidogo kwanza, akangoja kithibitishwe. Kisha, sikia hili, akaifuta pochi mpya yote kutoka kwenye mashine kwa makusudi, akairudisha kwa maneno yake mapya, ili awe na hakika kwamba ufunguo unafungua. Ndipo akahamisha zilizobaki. Nani kati yetu angekuwa na moyo wa kufuta?

Nilimuuliza kwa nini hakunikemea miezi yote hiyo. Akasema alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe, na kwamba kila nilipoagana naye kurudi kazini alidhani labda nitageuka mlangoni nimwambie. Hilo liliniuma kuliko kofi.

Hakunifukuza. Tarehe kumi na moja Novemba anafanyiwa upasuaji, na amesema atakayemsindikiza ni mimi. Jambo moja tu aliniamuru, nikuandikie wewe kwa mkono wangu, bila kupunguza. Nimetii.

Humu ndani utakuta karatasi ngumu isiyo na wino. Ni yale maneno mapya kumi na mawili, Mama ameyatoboa kwa nukta za Breli, ambazo siku ile ya kwanza alikuwa bado hajaziweza. Nakala moja anayo yeye, hii ni yako uitunze. Alinipa mkononi, akaniambia niipeleke kwenye ofisi ya mabasi ikufikie, na bahasha hakuifunga kwa gundi. Nimeipitishia kidole mara nyingi. Sijui inasema nini. Tafadhali usiikunje wala usiiwekee kitu kizito juu, nukta zitalala.

Msalimie shemeji, mwambie mpira wa Jumapili haujachezwa tangu aondoke. Wabusu watoto. Mama anakusalimu, anasema ukija uje na majani ya chai ya huko kwenu. Ukinikasirikia, nikasirikie, lakini nijibu.

Ni mimi mdogo wako,
Allan Maloba