Kunguni wa Kitanda cha Mninga

Jumatatu, 1 Septemba
Nimeamka na mstari mwingine wa vipele mkononi. Nimenawa kwa sabuni, nimeweka kitambaa cha maji baridi, nimepaka losheni ya kalamaini. Nikaapa kutojikuna. Saa nne nilikuwa najikuna kwa rula ya kushonea mbele ya mteja. Akaangalia pembeni. Aibu.

Ni kunguni. Na najua walikotoka. Mwezi uliopita jirani yangu Mama Shija alifiwa na mumewe. Nikatoa magodoro mawili na mikeka yote walalie wafiwa, kama kila mtu hapa Chemchem afanyavyo. Vimerudi nao.

Tarehe 27 mwanangu Zuhura anakuja kujifungua. Mimba ya kwanza, na ya kwanza ni kwa mama, hadi arobaini iishe. Mama mkwe wake kule Usoke anatafuta sababu tu ya kumzuia. Hii sitampa.

Jumatano, 3 Septemba
Kaka yangu Ramadhani ameniletea kutoka Usoke chupa ya dawa ya kupulizia tumbaku. Nimemrudishia. Sumu ya shambani, halafu kichanga kilale juu yake? Amenuna. Anune.

Mimi ni fundi cherehani. Kunguni anapenda mishono, na mishono ndiyo kazi yangu. Nimepiga magodoro ya pamba pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi, polepole, mvuke uingie kila mshono. Shuka nimezichemsha kwenye sufuria la pilau. Hilo simwambii mtu.

Ijumaa, 5 Septemba
Wameniuma tena. Shingoni sasa. Nimelia kwa hasira, kisha nikabandika maji mengine.

Jumapili, 7 Septemba
Leo nimefungua kitanda. Mninga mtupu, cha marehemu mama. Hakijatoka chumbani humu miaka yote, na msibani hakikwenda. Nimegonga kwa mchi hadi mfumbati, ule ubao wa ubavuni, ukaachia tendegu, mguu wa kitanda. Ndani ya tundu madoa meusi, mayai, maganda juu ya maganda. Makavu, ya siku nyingi. Hayo si ya mwezi mmoja.

Nikakumbuka gunia la mitumba ya wateja ya kupunguza, nililolitupa kitandani kabla ya mfungo. Baadaye vipele. Nikasema mbu.

Basi ni mimi. Nimempelekea mfiwa kunguni, nikakaa kwake siku tatu nikijiona mtu mwema.

Jumatatu, 8 Septemba
Maji yanayochemka kwenye matundu yote. Mara mbili. Sijaenda kwa Mama Shija.

Alhamisi, 11 Septemba
Bado sijaenda. Najiambia ana huzuni, asisumbuliwe. Uongo. Naogopa. Na kwake wakibaki watarudi kwangu, ukuta wetu ni mmoja.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimekwenda. Nimesema yote mlangoni, hata kabla ya kukaribishwa. Gunia, kitanda, magodoro. Alinisikiliza huku amejifunika kanga hadi viganjani, na jua lote lile.

Akasema, "Nilijua tangu siku ya pili ya msiba, dada. Sasa ningekwambiaje? Ndugu zangu walikwenda kulala gesti. Wewe ndiye uliyelala na mimi chini."

Nimeomba nyundo, tufungue na vitanda vyake.

Jumapili, 14 Septemba
Nyumba mbili kwa siku moja. Vitanda vyote nje. Cha marehemu mumewe Mama Shija alikifungua mwenyewe, hakutaka nikiguse. Pasi mbili, majiko matatu. Nyufa za ukuta tumeziba kwa simenti. Nimeshona mifuko ya kufunika godoro zima, yenye zipu, yangu miwili na yake miwili. Vitanda viko mbali na ukuta, kila tendegu ndani ya kopo la maji. Mitumba haivuki tena kizingiti kabla ya kuchemshwa.

Mgongo umekufa. Nimefurahi, lakini.

Jumapili, 21 Septemba
Mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa, kwa hiyo tumerudia yote. Kwangu nimekuta mmoja, kwenye pindo la pazia. Kwake hakuna. Nimeona wivu, nikacheka.

Alhamisi, 25 Septemba
Usiku wa nne bila kuumwa. Vipele vya zamani vimekauka.

Nimempigia Zuhura nikamwambia kila kitu. Nilikaa kimya kwa jirani nikaona matokeo yake, sirudii kwa mwanangu. Akasema atafikiri. Siku nzima nimeshona vibaya, nimefumua mikono miwili ya gauni.

Jumamosi, 27 Septemba
Saa saba mchana bajaji imesimama. Zuhura, tumbo mbele. Mama mkwe ametoa ruhusa kwa sharti kwamba kipele kimoja tu, anarudi.

Begi nimelipokea barazani, nguo zote juani kwanza. "Mama, shikamoo hujaitikia bado," akasema. Nikaitikia, mkono uko kwenye zipu ya begi.

Jumapili, 28 Septemba
Asubuhi. Zuhura amelala kwenye kitanda cha bibi yake. Nimeangalia shingo, mikono, vifundo vya miguu. Safi.

Mama Shija ameingia kwa uani. Amefunua kanga akanyoosha mikono yake, nami nikanyoosha yangu: hakuna kipele kipya. Kisha nimemimina chai, tukakaa kumsubiri Zuhura aamke.