Bakteria wa Bahari, Maji ya Nyakabiga

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kichupa kimefika! Huguette, niliyesoma naye chuo, kakileta kutoka Ubelgiji ndani ya chupa ya chai. Unga mweupe tu, kiduchu. Lakini ni bakteria wa baharini — Aliivibrio fischeri — na wakiwa wazima wanawaka. Ukiwatia kwenye maji yenye sumu, mwanga unafifia. Chef Révérien, mkuu wa maabara yetu, kacheka. Viumbe vya bahari, hapa kwetu penye ziwa la maji baridi? Watakufa, anasema. Tutaona.

Jumatano, 5 Juni
Wamekufa, nusu niliyokoroga kwenye maji ya chumvi. Umeme ulikatika, frigo ikapata joto. Nusu nyingine ya unga imebaki, kavu.
Assia, dada yangu, kapiga simu kutoka Nyakabiga. Watoto wanaumwa tumbo tena, wiki ya tatu. Dispensari wamepima: si minyoo, si kipindupindu. Na maji anachemsha! Anayateka kisimani kwa Mzee Shakuru, kama mtaa mzima. Lakini sumu haifi kwa kuchemsha.
Mi siachi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeazima sanduku la barafu la muuza mukeke. Linanuka samaki. Chumvi ya maji ya kuwaamshia nimepima mara tatu.

Jumamosi, 8 Juni
Nimejifungia stoo ya labo mchana, kitambaa cheusi dirishani. Nikangoja macho yazoee giza.
Wanawaka! Buluu, hafifu, lakini wanawaka. Nimelia, mtu mzima mimi.

Jumatatu, 10 Juni
Mirija mitatu ya maji safi, mitatu ya maji ya kisima cha Shakuru. Chumvi sawasawa, bakteria sawasawa. Robo saa. Ya maji safi inawaka. Ya kisima — giza. Nimerudia. Giza.
Révérien kaingia mwenyewe, kafunga mlango, kaitazama mirija mmoja mmoja. Halafu kasema hii haituambii ni sumu gani. Tupeleke maji labo kubwa, tungoje. Wiki nne, labda. Na watu wanywe nini wiki nne?

Jumanne, 11 Juni
Shakuru alichimba kisima kile mwaka aliofiwa na mkewe, Mama Khaled. Sadaka kwa ajili yake. Asubuhi nimemfuata dukani, nikamweleza yote.
"Unasema sadaka ya Mama Khaled inaua watoto?"
"Apana, mzee. Maji yameingiwa na kitu. Tufunge tu mpaka majibu yaje."
"Mu hii joto? Watu watakunywa wapi?"
Nikaenda kisimani, nikakaa juu ya mfuniko. Nipo hapa mpaka sasa, daftari gotini. Foleni ya bidoni, madumu yao ya maji, imefika barabarani. Mmoja kasema nimerogwa. Mwingine kanivuta mkono. Assia kaja na bidoni tupu, kaniangalia, kakaa kando yangu. Hatusogei!
Shakuru anakuja. Watu wanampisha. Mkononi ana mnyororo wa mlango wa duka, na kufuli. Macho mekundu. Inuka, mwanangu, anasema, nipishe niufunge mfuniko mwenyewe —