Maksai wa Mama Katika Mbio za Vigari

Deira, Dubai
Ijumaa, saa tisa alasiri

Kwako Sayi, mdogo wangu,

Mama alitulea tujue kwamba hata mtu unayetaka kumchapa unamsalimia kwanza. Kwa hiyo mwangaluka. Hujambo? Mkeo hajambo? Kikohozi cha mama kimeisha au bado kinamsumbua asubuhi? Mvua mmeona hata dalili zake? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, joto la huku limepungua kidogo na miguu haivimbi tena kama nilivyokueleza. Ila tangu Jumanne nilipopata barua yako sina raha, na kama leo ningekuwa hapo Somanda nyumbani, majirani wangekuwa wameshakuja kututenganisha.

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilidhani unatania. Umeandika kwa mwandiko mzuri kabisa, kama mtu anayeomba kazi halmashauri, kwamba umewekeana dau na Malimi muuza nguo. Kwamba mtapambanisha vigari vya betri kwenye sakafu ya lile ghala la ushirika lililobaki tupu, siku ya gulio la mwisho kabla ya kulima. Kwamba yeye ameweka pikipiki yake na wewe umeweka Ruksa na Sabuni. Halafu bila hata kupumua, kwenye mstari unaofuata, unaniagiza nikuchagulie "mota yenye nguvu kuliko zote Dubai".

Sayi, Ruksa na Sabuni ni maksai wa nani? Nijibu hapo ulipo. Hawakutoka zizini kwa marehemu baba. Wale waligawanywa na baba zetu wadogo sisi tukitazama, wala hatukuachiwa hata ngozi. Hawa wawili mama aliwanunua wakiwa ndama, kwa pamba yake mwenyewe, msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia na mizani yao. Akawafundisha plau yeye mwenyewe, ameshika kamba mbele, shangazi nyuma na fimbo. Somanda nzima ilimcheka, mwanamke kufundisha maksai! Walinyamaza alipomaliza shamba lake kabla yao. Sasa msimu umefika mlangoni na wewe umewaweka hao maksai mezani kama chupa ya soda. Wakienda, mama atalima na nini? Na meno?

Haya, tuanze na hiyo mota, maana ndiyo uliyoitaja kwanza na ndipo ujinga wako unapoanzia.

Hii ni kazi yangu, Sayi. Ndiyo inayonilisha. Kila Ijumaa asubuhi wenye nafasi wa mji huu hukusanyika kwenye uwanja wa kuegesha magari, wanachora njia kwa mabomba ya maji, wanashindanisha vigari vyenye sura ya magari ya kweli. Mimi ndiye ninayelehemu nyaya, ninayechaji betri, ninayebadilisha matairi. Kuendesha sijawahi kuendesha hata mzunguko mmoja. Nasimama juani na bisibisi, kigari kikigonga ukingo naitwa kwa kidole. Tajiri wangu ananiita kwa jina la mtu aliyekuwepo kabla yangu, na nimechoka kumsahihisha. Lakini mteja akiingia dukani kutaka vifaa, huyo huyo tajiri husema, "Muulizeni yeye." Kwa hiyo ninapokwambia jambo kuhusu mota, nyamaza usikilize.

Mota yenye nguvu kuliko zote ni ile ambayo waya wake umezungushwa mara chache. Inapiga kelele nzuri, inaruka kama imeumwa na siafu, na inakunywa betri kama mlevi wa pombe ya mtama. Mbio ni dakika tano. Dakika ya tatu betri imekwisha, na kigari chako kimekaa katikati ya ghala kinatazamwa. Anayeanza anachukua mota yenye mizunguko mingi ya waya, ya upole, inayofika mwisho. Wewe mwenyewe kule shambani hufungi dume kali pamoja na ndama kwenye nira moja. Ya kwenye nira unayajua, ya kwenye kigari unataka miujiza.

Betri nayo. Umesema unayo, ile niliyokutumia mwaka jana na kile kigari kikuukuu. Na kwa maneno yako mwenyewe umesema umekuwa ukiifunga kwenye redio usikilize mpira! Betri ina seli sita, na seli hizo lazima zilingane, moja ikichoka inazivuta chini zote. Unaichaji ikiwa imepoa, unaiacha ipumzike, huichaji juu ya chaji. Hiyo yako imeshakufa, ila haijapata wa kuizika.

Gia sikutaka hata kuigusa, lakini umeniudhi kwa kuandika kwamba fundi wa baiskeli atakutafutia "gia kubwa zaidi ya kwenye mota ili ikimbie". Gia ya kwenye mota ukiiongeza meno mawili tu zaidi ya inavyopaswa, mota inachemka mpaka inanuka. Na matairi umeomba ya sponji kwa sababu uliyaona kwenye picha. Sayi! Lile ni ghala la pamba. Miaka yote ile pamba imelala pale, nyuzi zake zimejaa kila ufa wa sakafu. Sponji itazoa nyuzi hizo mpaka tairi liwe kama kifaranga. Na kigari chako ni cha mkanda, mkanda uko wazi, nyuzi zitajizungusha humo na kwenye ekseli mpaka magurudumu yagome. Sakafu ile inataka kigari cha shafti iliyofunikwa badala ya mkanda, matairi ya mpira laini, na kipande cha soksi ya nailoni juu ya matundu ya mota ili ipumue bila kumeza pamba. Mtu aliyekulia kwenye pamba hakupaswa kuelezwa hilo kutoka Dubai.

Na sasa nifike kwenye ukurasa wako wa mwisho, ule ulioukunja ndani ya mwingine kana kwamba bahasha ina macho. Unauliza kama kuna namna ya kukifanya kigari cha Malimi kichanganyikiwe. Unasema umesikia kuna kidude cha kristali kwenye rimoti, vigari viwili vikiwa na kristali ya rangi moja vinavurugana. Umesikia sawasawa. Na hukuona hata aibu kuniandikia. Mtu aliyezoea kumwagia pamba maji na mchanga ili iwe nzito kwenye mizani hawezi kuona kitu cha kushindaniwa bila kutafuta pa kutia maji.

Rangi ya kristali ya Malimi naijua. Najua na mota yake, na betri yake, na meno ya gia yake. Najua hata pale alipofunga ile soksi ya nailoni. Unajua ni kwa nini najua? Ni mimi niliyemchagulia.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa hasira yangu haiko kwako peke yako.

Mwezi uliopita nilikuwa nyuma ya kaunta nasafisha ekseli. Nikasikia mtu mlangoni anasema, "Mwadila, ngosha!" Sayi, miaka mitatu sijasikia salamu ile. Nilitaka kulia. Kumbe Malimi amekuja kufunga mzigo wa nguo, akaambiwa na wenzake wa soko kwamba kuna kijana wa Bariadi kwenye duka hili. Nikamwitikia, tukashikana mikono mpaka tajiri akakohoa.

"Pale kibandani kwa mdogo wako," akaniambia, "watu wanajaa kama mnadani kwa ajili ya kale kagari ulikomtumia. Soda anauza yeye, sabuni anauza yeye. Na mimi nataka kangu, kazuri kuliko kale."

"Utapata," nikamwambia. "Utakikimbizia wapi?"

"Si pale ghalani! Siku hizi hakuna kitu mle ndani, panya tu."

Basi nikamchagulia. Nilimchagulia kama ndugu. Nilichukua kigari cha shafti, nikampimia betri tatu nikampa ile ambayo seli zake zinalingana kuliko zote, nikamfundisha kuichaji kwa betri ya gari. Matairi niliyabonyeza kwa vidole moja moja. Ile soksi nilikwenda kuiomba kwa Mfilipino wa duka la jirani, akanicheka. Nilifurahi, Sayi. Siku ile nilikuwa mtu wa kwetu anayemhudumia mtu wa kwetu, na hakuna aliyeniita kwa kidole.

Wakati nafunga boksi akauliza, kama mtu anayepitisha muda tu, "Na huyu Sayi, anaviweza vitu hivi?"

Nikamjibu, nami nacheka, "Sayi? Sayi anachagua kwa kelele. Na ukimcheka mbele za watu atakuwekea hata paa la nyumba."

Tukacheka wote wawili. Akanishukuru, "Wabeja, wabeja," akaenda zake na boksi.

Nami nimesoma kwenye barua yako jinsi ilivyokuwa. Kwamba alisimama mbele ya kibanda chako siku ya gulio watu wamejaa, akasema kigari chako ni cha kubembelezea watoto, watu wakaangua kicheko, na wewe ukataja maksai. Alitumia maneno yangu kama ufunguo. Kikulacho ki nguoni mwako, Sayi, na safari hii nguo ni mimi. Ninaona aibu.

Lakini usijifiche nyuma ya aibu yangu. Mimi nilisema utaweka paa. Ni wewe uliyeweka maksai ambao si wako.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mota situmi. Betri situmi. Hata ningekutumia duka zima, usingelishinda gari nililolichagua mimi kwa ajili ya sakafu ile, maana nilichagua vizuri na sijui kuchagua vibaya. Kristali situmi, ingawa nilisimama mbele ya droo yake jana kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri. Niliishika mkononi. Nikawaza plau ya mama imelala ukutani inaota kutu. Kisha nikairudisha. Nikituma ile, siku nyingine mtu wa Bariadi akiingia dukani hapa na salamu ya kwetu, nitamwitikia kwa uso gani? Wizi wa kwenye mizani uishie huko huko kwako.

Msalimie shangazi, mshika fimbo wetu, mwambie kitenge chake kinakuja. Mkeo msalimie sana, naye namhurumia. Mjomba wa Kimali mfikishie heshima zangu. Malimi usimsalimie.

Na kama unashangaa mbona barua hii imesomwa na Katekista wetu wa kigango wakati jina kwenye bahasha ni lako, sababu ni kwamba barua za mama zote tangu nije huku unamsomea wewe, na najua unavyosoma. Unaruka. Nilipoandika kwamba naumwa ulimsomea kwamba nimenenepa. Hii nimempa mtu anayepanda ndege kesho, aikabidhi mkononi mwa Katekista, na kupitia kwake nimemwomba Katekista asiifungue mpaka wewe na mama mwe mmekaa mbele yake. Katekista, nisamehe kwa maneno makali niliyokulazimisha kuyatamka.

Mayu, mama yangu, mwadila. Ni mimi Nkwabi. Umesikia yote, na pole kwa kuyasikia namna hii. Mmoja wa wanao ameuza jasho lako kwa kicheko cha watu wa gulioni, na mwingine alimpa mnunuzi bei kabla hajafika. Mimi ni yule mwingine. Dau halina nguvu kama mwenye mali hakuulizwa, na Malimi akibisha, aje anibishie mimi. Nilikuwa nimeshaandika hapa uwapeleke maksai Kimali kwa mjomba wajifiche, na nilikuwa nimeandika umsamehe Sayi, kisha nikakata mistari yote miwili. Tumekuamulia vya kutosha, Sayi akiwa huko na mimi nikiwa huku.

Katekista, ukifika hapa kunja karatasi. Sasa mama aseme.

Mwanao,
Nkwabi