Magdalene Amekwenda Turkana

Jumapili, 4 Julai 1976

Magdalene anakwenda Turkana. Nimeandika nione kama inaandikika.

Ametuambia mezani, tukila kuku. Amepata kazi ya ukunga katika hospitali ndogo ya misheni, jangwani kabisa. Ataondoka kabla mwezi kwisha. Bethuel, mume wangu, ameweka uma chini. Akasema yeye aliacha kwao Vihiga akaja huku kwa Wazungu kufunga milango ya magari katika kiwanda cha Longbridge ili mtoto asome, na sasa mtoto amesoma anarudi kinyumenyume! Magdalene hakupandisha sauti. "Baba, hapa nikikosa zamu, yuko mwingine. Kule hakuna mwingine." Kisha akampakulia babake viazi.

Mtoto wetu wa pekee. Nilimtazama shingo, ile ndefu ya mama yangu, nikajivunia mpaka nikakasirika.

Jumanne, 6 Julai

Joto! Nyasi zote za mtaa wetu, Sparkhill, zimekuwa rangi ya biskuti. Magdalene anajifunza Kiturkana akikaanga mayai. "Ejoka! Ejoka!" Anajisalimu, anajiitikia, anacheka. Mimi nikatoka nje kuanika nguo ambazo hata hazikuwa zimefuliwa.

Mama Kishore akaniona juu ya ua. Lalita, jirani yetu, mjane, Mhindi wa Kisumu; Kiswahili chake ni cha sokoni Kisumu na ndicho kimetufanya ndugu katika mtaa huu. Akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia. Hakunipa pole. Alisema, "Mama Magdalene, msichana huyo ana moyo mkubwa. Moyo mkubwa unataka nafasi." Nilidhani angalau yeye angenipa pole! Kishore wake alikwenda Toronto, hajarudi hata kwa likizo.

Jumamosi, 17 Julai

Ameondoka.

Bethuel alibeba sanduku kichwani kama nyumbani, kutoka kwetu hadi stendi ya basi, watu wanageuka kututazama. Hakukubali kusaidiwa. Mama Kishore alileta chapati za uwatu, akasema hizo hazichachi safarini, akamshika Magdalene kichwa kwa mikono miwili.

Stendi kuu ya Digbeth, kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege, Magdalene akasema, "Mama, niombee." Mimi niliyeomba hadharani kanisani kwetu Kaimosi tangu nikiwa msichana! Nikafungua mdomo. Hakuna neno. Akaniokoa. Akaomba yeye, fupi, kwa Kiluhya, na watu wamepanga foleni nyuma yetu. Akamwombea dereva pia. Akapanda.

Bethuel alipungia basi mkono hata lilipokwisha kukata kona. Kisha akapungia tena.

Jumapili, 18 Julai

Mkutanoni, kwenye ibada. Sisi Marafiki wa Kaimosi, ndilo jina la kanisa letu, tunaimba mpaka bati linatetemeka. Marafiki wa hapa wanaketi kimya saa nzima wakimngoja Roho. Nimewazoea kidogo, miaka hii yote. Leo nilishindwa. Kimya kilikuwa kama chumba cha Magdalene cha juu, kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Nikatoka kabla ya kupeana mikono ya kufunga ibada.

Nyumbani nimepika wali wa watu watatu.

Alhamisi, 29 Julai

Bado hakuna neno kutoka kwake. Bethuel anasikiliza habari za redio kana kwamba watamtaja.

Leo sikuwa na zamu yangu ya usafi katika wodi za hospitali. Asubuhi nikaenda kwa Mama Kishore kurudisha sahani yake. Mlango wa nyuma wazi. Nikasikia anaimba polepole, anabembeleza, nikadhani amepata mjukuu! Akaniita niingie, nivue viatu, nisimame kwenye mlango wa chumba kidogo nisivuke.

Ana Mungu wake pale, mdogo, wa shaba, umbo la mtoto. Lalji, anamwita. Alikuwa amemwamsha, amemwogesha, amemvika kitambaa chembamba cha pamba kwa sababu ya joto. Akamwekea maziwa ya vuguvugu. Kisha akaketi sakafuni akampepea. Mama mzima mwenye magoti mabovu, anampepea!

Nikaogopa. Sisi tumefundishwa habari za sanamu. Lakini sikuondoka.

Alipomaliza akanitengenezea chai. Nikamwuliza wazi: mtoto wako yuko Toronto, huumii moyo kumlea huyu? Akasema alipoondoka Kishore mikono yake ilikuwa inatafuta kazi. Anaamka alfajiri, mikono inatafuta. "Basi nikampa Mungu mikono yote. Kabla nilimpa nusu." Akacheka. "Na kila siku namwambia, mimi nalea Wewe hapa, Wewe lea wangu kule."

Nimerudi nyumbani nikitembea taratibu. Mwanamke huyu! Miaka sita namwona juu ya ua, nikidhani ni mpweke.

Jumapili, 8 Agosti

Nikaenda tena mkutanoni. Bethuel amekuja nami, amevaa hata tai ya arusi.

Nikaketi. Sikuomba kitu. Nilimwamsha Magdalene moyoni. Nikamwosha uso. Nikamsuka nywele, mistari ile ya kwenda shule, taratibu, sikio hadi sikio. Nikamfunga kitambaa cheupe cha uuguzi. Nikamwambia Bwana, huyu hapa, yuko tayari, ni zamu Yako.

Sijui ni muda gani ulipita. Nilisikia watu wanapeana mikono, na Bethuel ameshika wangu, hauachi. Kimya kilikuwa kimejaa pomoni.

Sitamwambia mtu wa Kaimosi nilijifunzia wapi kuomba hivi.

Jumatano, 25 Agosti

Barua! Bethuel ameisoma amesimama, kwa sauti ya mahubiri.

Ni mzima. Anasema vumbi linaingia mpaka kwenye sala. Mama mmoja aliletwa juu ya punda, uchungu umemzidi, jenereta ikazimika, Magdalene akashika tochi kwa meno akamtoa mtoto, kwanza miguu. Wote wawili wazima. Huyu ndiye aliyekuwa akilia akiona kuku anachinjwa!

Bethuel akaikunja, akaitia mfuko wa ovaroli, akaenda nayo kazini. Najua itarudi na alama za grisi. Nusu ya Longbridge watakuwa wamesikia habari za tochi.

Nikapita kwa Mama Kishore kumhadithia. Akapiga makofi kama msichana. Kisha akashika ukuta. Rangi imemtoka. Anasema ni tumbo tu, la siku nyingi. Nimemwambia kesho tunakwenda kwa daktari, hata kama nitambeba kichwani.

Ijumaa, 3 Septemba

Naandika sebuleni kwa Mama Kishore, asubuhi. Mvua imeshika tangu mwanzo wa wiki.

Ni uvimbe. Wanampasua leo. Walimchukua jana, na hakulia hata kidogo. Bethuel yuko hospitalini tangu alfajiri, ameomba ruhusa kazini; alisema huyo alimbariki mtoto wetu, hatapasuliwa bila mtu wa kwao mlangoni.

Mama Kishore alikuwa na wasiwasi mmoja tu. Wifi yake anatoka Leicester kumhudumia Lalji, maana mimi si wa dini yao, siruhusiwi kumgusa. Lakini treni ya kwanza isipowahi? Akanipa ufunguo. "Usiingie chumbani kwake. Keti tu. Nyumba isiwe tupu akiamka."

Saa ya kumwamsha imefika, imepita. Wifi hajatokea. Kule pengine kisu kimeshaanza.

Nimejiuliza sana asubuhi hii. Wazee wetu wangenitoa kanisani? Lakini namwona moyoni rafiki yangu amelala kule hospitalini, magoti yake mabovu chini ya shuka, na anachowaza ni Lalji wake asikose mtu. Imani ya namna hiyo sijaiona mara nyingi, hata kwetu.

Nimeomba kwa njia yangu. Huyu hapa Lalita, mwamshe, mwoshe, ni zamu Yako Bwana. Daktari pia, vidole vyake.

Na sasa hivi tu nimegundua ninaimba. Wimbo wa mama yangu wa kubembeleza, ule wa Kiluhya, polepole, nimegeukia mlango ule wa Lalji uliofungwa. Namwimbia nani, sijui. Magdalene, Lalita, au Yule wa ndani. Sauti haitaki kunyamaza nami siilazimishi. Nitaimba hadi mtu aje, wifi yake au Bethuel na habari.