Tairi Aliyoichonga Okiria

Mama Mourine,

Ukitoka sokoni usimwamshe Mourine. Hajaumia, ameshtuka tu. Nimeenda Busia kutafuta tairi mpya. Mombasa siendi tena na za bei rahisi.

Kakako Okiria yuko nyuma ya jikoni. Nimempiga na spana ya tairi, mkono umevunjika na meno mawili yametoka. ~~Asikanyage hapa tena.~~ Mpeleke hospitali kwanza. Mpe uji, hawezi kutafuna. Na uoshe damu hapo mlangoni kabla Mourine aione.

Ile tairi niliyonunua Malaba imepasuka asubuhi hapo Chakol, lori likaingia shamba la mihogo. Kuifungua, nakuta ndani jina langu, lile mimi huchoma na chuma moto juu ya wezi wanaoiba tairi kwa foleni ya malori mpakani. Kumbe ni ile yangu kuukuu niliyotupa kwa banda la kuku! Okiria amekubali mwenyewe: aliichonga mistari upya na kisu cha moto, akaipaka rangi ya viatu, akawauzia watu wa Malaba.

Hiyo ningemsamehe. Lakini jana alinisaidia kuifunga mbele, anaijua, akanyamaza. Na leo ni yeye alimfungulia Mourine mlango wa lori apande twende.

Baba Mourine