Karanga kwenye Matapa

Palma, Jumanne

Hapana, si kosa la mpishi peke yake. Mhandisi mgeni wa gesi aliuliza matapa yana nini, nami nikamtafsiria jibu la Bi Zaituni, mpishi wa hoteli: majani ya muhogo na nazi. Karanga hakuzitaja, maana hapa hakuna apikaye matapa bila karanga. Vijiko vitatu, koo likamvimba. Amefia njiani kwenda hospitali.

"Angesema karanga zinamdhuru," Bi Zaituni alilia. "Mwanangu, nani asiyejua matapa?"

Mwezi uliopita niliandika gazetini kwamba kuorodhesha vilivyomo kwenye chakula cha hoteli ni mbwembwe za wageni.

Mhariri anataka habari ya kifo kesho. Nitaandika kwamba mkalimani nilikuwa mimi, na nilijua karanga zimo.